UZI: Mama mkubwa alikosa ndege ya Umra uwanja wa Nyerere kwa ajili ya "Ijumaa saa 6 usiku". Watu wa Kigoma na Tabora, tusome tiketi

BintiUjiji (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu. Na ndugu zetu wa Tabora, mwangaluka.

Niko Ujiji. Uzi huu ningeuandika mwaka jana lakini jambo lenyewe lilikuwa bado linauma. Juzi jirani yetu kaja na tiketi ya baba yake nimsaidie kuisoma, nikaona kosa lile lile lililotupata sisi liko njiani linakuja. Nikasema sasa basi, naliweka hapa lote.

Mama mkubwa wangu ana miaka 67. Migebuka ya kubanika ameiuza tangu mimi sijaanza shule, na hajawahi kuvuka Uvinza. Mwanawe, kaka yetu aliyeko Muscat kikazi, akamlipia Umra. Mpango ulikuwa mama apande ndege hapa Kigoma hadi Dar es Salaam, mimi nikiwa naye, kisha apande ndege kubwa pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, wakutane na mwanawe Jeddah. Tiketi zilikuwa mbili, zimekatwa sehemu mbili. Ya Kigoma kwenda Dar niliikata mwenyewe. Ya Jeddah kuna mtu alitukatia, akatuma ujumbe: "Safari ya mama ni Ijumaa saa 6 usiku." Tiketi yenyewe ikaja baadaye kama picha, maandishi madogo madogo. Nikaangalia jina limeandikwa sawa na pasipoti, nikaangalia namba, nikaridhika. Nikakata ndege ya kutoka Kigoma ya Ijumaa mchana, nikijua tuna saa nyingi za kupumzika.

Alhamisi baada ya Magharibi mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, mabegi yamepangwa mlangoni. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona tumekaa? Usiku wa Ijumaa si ndio huu ulioingia?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni kesho usiku." Akanyamaza, akaendelea na tasbihi yake.

Ijumaa tuliruka salama. Dar tukatua kwenye saa tisa alasiri, Jengo la Pili, ambalo ndilo la ndege za ndani. Tumesimama kwenye mkanda tunangoja mabegi, nikawasha simu. Zikaingia jumbe za kaka mfululizo. "Mama yuko wapi?" "Nipo Jeddah, simuoni." "Ndege yake imeshatua, abiria wote wametoka." Nikaifungua ile picha ya tiketi, nikaivuta kwa vidole viwili hadi namba ikajaa kioo. Tarehe ya Ijumaa, 00:40.

Wakuu, 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku, lakini usiku wa KUAMKIA Ijumaa. Siku ya tiketi inaanza usiku wa manane. Ndege iliruka wakati Ijumaa ya tiketi ina dakika 40 tu, sisi tumelala Ujiji. Mama mkubwa anahesabu kama wazee walivyohesabu, siku inaingia jua likizama, na usiku wa Ijumaa unautangulia mchana wake. Alikuwa sahihi. Aliniuliza swali la haki pale kwenye mkeka, nami ndiye niliyemwambia akalale.

Hata hivyo tulitoka mbio. Na hapo nikajifunza la pili. Mwenye tiketi mbili zisizounganishwa hapitishwi kwa ndani. Unachukua mizigo yako Jengo la Pili, unatoka nje kabisa kama mtu aliyefika mwisho wa safari, halafu unakwenda Jengo la Tatu kuanza upya. Majengo hayajashikana. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni si kitu, lakini kwa mama wa miaka 67 mwenye mabegi mawili na jua la Dar, nayo ni safari. Pale mlangoni Jengo la Tatu kijana wa ukaguzi akaisoma tiketi, akaisoma tena, akainua macho akamtazama mama kwanza kabla hajanitazama mimi. Akasema kwa upole, "Mama, shikamoo. Ndege hii imeondoka usiku wa kuamkia leo." Mama mkubwa akaitikia "marahaba" kwanza. Kisha akakaa juu ya begi.

Kubadilisha tiketi ya mtu ambaye hakutokea uwanjani kuna faini, na juu ya faini kuna tofauti ya nauli. Kaka akaongeza, na hapa Ujiji familia ikachanga. Mama aliondoka Jumanne, siku nne baadaye. Umra aliipata, alhamdulillah. Lakini zile siku nne za Ukonga kwa ndugu yetu alikuwa hali chakula vizuri, na kila ndege iliyopita juu ya bati alikuwa anainua kichwa.

Kwa hiyo naomba kila mwenye mzee anayesafiri afanye jambo hili moja. Ukisoma saa kwenye tiketi na ikaanza na 00, 01, 02, 03 au 04, mwambie mzee tarehe ya JANA yake. Tiketi ikisema tarehe 17 saa 00:40, mwambie, "Mama, tarehe 16 ukishaswali Ishaa tunakwenda uwanjani." Usiseme "usiku wa Ijumaa", usiseme "Ijumaa saa sita". Na aliyekukatia akikutumia saa kwa mdomo, mwombe tiketi yenyewe, uisome wewe, halafu umpe mtu mwingine naye aisome.

Tena usitue Dar siku ile ile ya safari. Ndege ya kutoka kwetu ikichelewa kwa mvua au ikiahirishwa, ile ya nje haikungojei, maana kwenye tiketi mbili tofauti hakuna anayejua kuwa wewe ni mtu mmoja. Lala Dar usiku mmoja, na ukiweza mbili.

Mwenye swali aulize, nitajibu nikiwa na nafasi.

---

Kibirizi_Boy

Pole sana dada. Hili la saa limemkuta mjomba wangu akienda Guangzhou. Yeye aliambiwa "saa 9 usiku Jumatatu". Bahati yake alikuwa yupo Dar tayari, rafiki akaiona tiketi Jumapili jioni.

Naomba nikuulize kuhusu mizigo. Mama yangu anataka kupeleka dagaa na mawese kwa dada aliye nje. Dagaa nasikia wanapita wakifungwa vizuri. Mawese je?

---

BintiUjiji

Ndugu yangu, kuhusu mawese nina habari yake.

Mama mkubwa alibeba dumu dogo la lita 5 la mawese kwa ajili ya huyo ndugu wa Ukonga. Akalifunga mfuniko kwa nailoni, akalizungushia khanga mbili, akaliweka katikati ya begi, na begi likapokelewa kama mzigo wa chini. Pale kwenye mkanda wa Jengo la Pili, wakati nasoma zile jumbe, begi likatokea na doa jekundu kwenye kona. Mfuniko uliachia. Nguo mbili nyeupe alizoshonewa kwa ajili ya ibada zilikuwa ndizo zilizolala chini ya dumu.

Pale Ukonga tukazifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, doa likabaki la manjano kama kiini cha yai. Mama mkubwa akasema ziacheni, zianikeni zikiwa na maji. Doa la mawese linafukuzwa na jua. Akazianika kutwa, zikikauka anazilowesha tena, anazigeuza. Siku ya tatu zilikuwa nyeupe. Nimekaa nikawaza kwamba tungeondoka siku ile ile asingepata jua la kutosha, lakini hilo halinifanyi nifurahie kuchelewa.

Nakushauri usipeleke mawese kwa ndege. Mkononi hayapiti kabisa, kwa sababu kitu cha majimaji kwenye begi la mkononi ni mililita 100 kwa chupa basi, na mafuta ni majimaji, asali ni majimaji, hata siagi ya karanga. Chini ya ndege yanaweza kukubaliwa au kukataliwa kaunta, na yakivuja utachafua na mabegi ya wenzako. Dagaa wakavu wafunge mara tatu, harufu isitoke, na kabla ya hapo ulizia nchi anayokwenda kama inaruhusu samaki kuingia. Kuna nchi wanakuvunjia moyo kule unakofika, si hapa.

Kilo nazo angalia. Ndege za ndani kilo 23 ndiyo kawaida kwa begi la chini. Tiketi ya nje inaweza kukupa zaidi, lakini zile zaidi hazihesabiki kwenye ndege ya Kigoma kwenda Dar ikiwa ni tiketi nyingine. Utalipia.

---

Dereva_Banana

Salamu wakuu. Mimi mzaliwa wa Kibondo, naegesha gari Banana mwaka wa tisa sasa, na abiria wa kwetu nawajua kwa mizigo na kwa salamu. Naongezea upande wa barabara, maana dada kaeleza ndani.

Ukimwambia dereva "uwanja wa ndege" atakuuliza wapi. Majengo ni matatu. La kwanza ni la zamani na linatumiwa na ndege ndogo, zile za kukodi. La pili lilifunguliwa 1984, lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. La tatu lilizinduliwa na hayati Rais Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, limejengwa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka, na ndilo la safari za nje. Wewe sema "Terminal 3", usiseme "jengo jipya", maana kuna madereva bado wakisikia jipya wanawaza mengine.

Kwa wanaokuja na basi, mnashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Wengi wanadhani uwanja uko karibu kwa kuwa wameshaingia Dar. Hauko karibu. Njia ya kawaida ni Morogoro Road hadi Ubungo, unaingia Mandela, Buguruni, unatokea TAZARA pale kwenye daraja la Mfugale, unashika Nyerere Road. Wazee mpaka leo wanaiita Pugu Road, ni barabara hiyo hiyo. Asubuhi na jioni kwenye Mandela hamjui mtakaa muda gani na malori ya bandarini. Njia nyingine ni Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, unatokea hapa kwangu Banana, na uwanja uko pua na mdomo. Mimi nikiwa na mtu wa ndege ya usiku namchukua saa moja jioni hata kama ndege ni saa saba, bora akae pale kwenye viti kuliko kukaa na mimi kwenye foleni.

Na nauli patana kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Mgeni akishatoka nje ya Jengo la Pili amechanganyikiwa, mtu anamwambia Jengo la Tatu ni mbali sana, anamtoza kama anampeleka Kariakoo. Nimeona mama mmoja wa kwetu amelipa hivyo, roho iliniuma.

---

Mnyamwezi_wa_Isevya

Mwangaluka mwanzisha uzi, na pole kwa mama.

Sisi wa Tabora tuna njia nyingine sasa ambayo kwa maoni yangu ni salama kuliko ndege kwa mtu mwenye muda. Basi mpaka Dodoma, unalala, asubuhi unapanda treni ya mwendokasi ya SGR. Toka ianze safari za Dodoma mwaka 2024 nimepanda mara tano. Treni ile ya kawaida inasimama Pugu, na Pugu iko upande ule ule wa uwanja. Badala ya kuingia mpaka katikati ya jiji na kurudi, unashuka Pugu, unakuja na Nyerere Road kupitia Gongo la Mboto na Ukonga, huyo uwanjani. Ila usikate ile ya haraka, hiyo Pugu inapita.

Reli hiyo ikifika kwetu Tabora na kisha kwenu Kigoma, kile kipande cha kilomita 506 kilichosainiwa Desemba 2022, habari ya kulala Dodoma itakwisha. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na bado watu wanapanda ile ile na kukaa ndani siku mbili.

Na niseme jingine ambalo sisi huku tunaliona la fahari. Mwalimu ambaye jina lake liko juu ya uwanja ule alisoma hapa Tabora toka 1937, akarudi kufundisha St. Mary's. Mimi nikipita chini ya jina lile najisikia nimetoka nalo nyumbani.

---

Manyovu_Mpakani

Mnazunguka sana. Mtu wa Kigoma anayekwenda nje kwa nini asipitie Bujumbura? Manyovu ni hapo, unavuka, siku hiyo hiyo uko uwanja wa Melchior Ndadaye. Dar ni nchi nzima umeivuka kuelekea mashariki halafu ndege inakurudisha kaskazini.

---

BintiUjiji

Kaka wa Manyovu, kwa mtu anayekwenda Addis Ababa au Nairobi kuunganisha, nakubali, wapo wengi wanaofanya hivyo. Kwa mama mkubwa tulikuwa na sababu. Hazungumzi Kifaransa. Kirundi anakisikia kwa kuwa kiko karibu na Kiha, lakini kwenye kaunta ya ndege hilo halimtoshi. Akikwama Bujumbura usiku, ndugu hatuna. Akikwama Dar yuko Ukonga anakula ugali. Ukimtuma mzee, angalia akikwama atalala kwa nani.

Na atakayepitia Manyovu ahakikishe pasipoti imegongwa muhuri wa kutoka. Kuna watu wamezoea kuvuka kwenda mnadani bila kupita dirishani, wanasahau kwamba safari hii ni nyingine.

@Mnyamwezi asante kwa habari ya Pugu, sikuijua kabisa. Nimeshampigia jirani.

---

MwalimuKasimbu

Assalamu alaykum. Nawapongeza kwa uzi wenye faida. Nimewahi kufuatana na mahujaji wa mji wetu, nina machache ya kuongeza kwa wanaokwenda Umra na Hija.

Wanaume, ihramu, yaani zile shuka nyeupe za ibada, isiwekwe kwenye begi la chini. Kila safari namkuta mzee mmoja ihramu yake iko tumboni mwa ndege. Miqati, yaani mpaka wa kuingilia ihramu, mnaipita angani kabla ya kutua Jeddah, na pale ndipo mtu anapaswa awe ameshavaa na ametia nia. Ukiiacha chini umekwama. Iweke mkononi, au vaa kabisa uwanjani. Sehemu za kuswalia na vyoo vya kujitayarishia vipo.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo lazima, na iwe imechanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Wazee wetu wanachelewa hapa, wanakwenda kuchanja wiki ya safari. Kadi ya njano itunzeni pamoja na pasipoti, isiwe kwenye mfuko wa kanzu. Mwenye kadi ya homa ya manjano ya zamani asibabaike akiona imeandikwa miaka 10, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa ni cha maisha.

Na wakati wa kurudi, boksi la maji ya Zamzam la lita 5 linauzwa likiwa limefungwa rasmi kule kule uwanjani. Msijaze madumu yenu wenyewe, yatatolewa.

---

Kibirizi_Boy

Mwalimu shukrani. Dada, swali la mwisho kwangu. Mama yangu magoti yanamsumbua, na sitaruhusiwa kuingia naye ndani. Ndani kuna mwendo mrefu? Nani atamshika?

---

BintiUjiji

Swali zuri na ndilo lililonifanya nilale macho ile Jumatatu.

Msindikizaji unaishia mlangoni. Pale pana ukaguzi wa kwanza, mizigo inapita kwenye mashine, na wanaoingia ni wenye tiketi na pasipoti. Kuna kaunta ya kupima mizigo na kupewa pasi ya kupandia, kuna uhamiaji, kuna ukaguzi wa pili ambapo anavua viatu na mkanda akiambiwa, kisha geti lake. Jengo ni kubwa, na kwa magoti mabovu ni refu.

Omba kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Lakini kiombwe mapema, wakati wa kukata tiketi au siku mbili tatu kabla, kiandikwe kwenye tiketi yake, ili kule anakobadilisha ndege pia akikute. Sisi hatukujua mara ya kwanza. Mara ya pili nilikiomba, na ukifika mlangoni unataja jina, anakuja mtu na kiti, anamchukua mama mpaka mlango wa ndege. Siku ya kurudi pia.

Lakini kabla kile kiti hakijafika kuna jambo liliniingia moyoni, naliandika ili mjue wapo watu wema pale. Kwenye vioo unaona ngazi zile zinazotembea zenyewe. Mama mkubwa alishaingia ndani, mimi niko nje nimebandika uso kwenye kioo. Akafika mbele ya ngazi, akasimama. Akanyanyua mguu, akaurudisha. Akaikusanya khanga kwa mkono mmoja. Watu wanampita kulia na kushoto na mabegi yao. Dada mmoja wa usafi akaliegesha fagio lake ukutani, akaja, hakusema kitu ninachoweza kukisikia, akamshika mkono kama unavyomshika mtu anayevuka mtumbwi kwenda nchi kavu, akamgeuza, akampeleka kwenye lifti. Mlango wa lifti ulipofungwa nikamwona mama mkubwa bado amemshika dada yule mkono kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo mwambie mama yako kabla hajaondoka: ngazi za kutembea aachane nazo, aulize lifti. Mwenye fagio, mwenye sare, yeyote. Aulize kwa Kiswahili chake tu, uwanja ule ni wetu.

Na umwandikie karatasi. Jina lake, namba ya ndege, namba ya simu yako na ya anayempokea, na anakobadilisha ndege. Mimi niliandika kwa herufi kubwa, nikaiweka ndani ya ganda la pasipoti. Simu inaweza kuzima chaji, karatasi haizimi.

Jingine dogo: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini toka Juni 2019, kwa hiyo akiwa anarudi na vitu vya ng'ambo asiviweke kwenye mifuko ile, ataambiwa aiache pale pale uwanjani. Atafute kikapu au begi la kitambaa.

---

Dereva_Banana

Dada wa usafi huyo, kama ni yule ninayemdhania, anatoka kwao Uvinza. Nitamfikishia salamu.

---

Mwana_wa_Heru

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasoma kimya kimya toka mwanzo. Niko Dodoma kikazi, mama yangu yuko Heru Juu, Kasulu. Anakwenda kwa dada yangu, amejifungua. Hapa nina tiketi yake. Imeandikwa tarehe 9, 01:55. Kwa maelezo ya dada hapo juu hiyo ni lini hasa? Naomba mnijibu haraka.

---

BintiUjiji

Mwana wa Heru, 01:55 ni saa saba na dakika 55 usiku, usiku wa kuamkia tarehe 9. Maana yake tarehe 8 jioni anakwenda uwanjani. Awe mlangoni Jengo la Tatu tarehe 8 saa nne usiku, isizidi hapo. Kaunta zinafungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, nyingine mapema zaidi.

Amepanga kutoka Kasulu lini?

---

Mwana_wa_Heru

Tarehe 8 asubuhi, kwa basi. Tulikuwa tunajua anaondoka Dar tarehe 9 usiku.

---

Dereva_Banana

Hapana kaka. Akitoka tarehe 8 asubuhi, atakuwa bado njiani wakati ndege inaruka. Mtoe tarehe 6. Akifika Mbezi nipo, nitumie ujumbe binafsi hapa, nitampokea mimi na kibao chenye jina lake.

---

Mwana_wa_Heru

Nimempigia sasa hivi. Alikuwa shambani, ikabidi mdogo wangu amfuate na simu. Nimemwambia tarehe 6, ameniuliza kwa nini tunamharakisha, nikamsomea alichoandika dada kuhusu mama mkubwa na mkeka. Amesema sawa, anakwenda kufua leo.